Kocha wa Marekani Ananunua Pointi: Mwongozo kwa Mwanariadha wa Shule ya Upili Nairobi

Barua pepe ambazo makocha wa riadha wa vyuo vya Marekani hupokea kutoka Kenya nyingi zinafanana kama shilingi kwa ya pili: nina kipaji, nafanya mazoezi kwa bidii, familia yangu haijiwezi, naomba unisaidie. Kocha anaweza kuwa mtu wa huruma sana. Lakini ikifika Mei timu yake itaingia fainali za ligi yao, ile wanayoiita konferensi, na kazi yake itapimwa kwa jumla ya pointi. Wa kwanza hupata pointi 10, wa pili 8, wa tatu 6, kisha 5, 4, 3, 2, na wa nane 1. Wa tisa hapati kitu. Kwa hiyo anapofungua barua yako anatafuta jambo moja: huyu ataniletea pointi ngapi, na atanigharimu kiasi gani?

Ukilielewa hilo, mengine yote yanajipanga. Maelezo haya ni ya mwanafunzi wa Kidato cha 3 au cha 4, mzazi wake, na mwalimu wa michezo ambaye ndiye atakayeombwa karatasi za nusu ya mambo haya.

Tafuta pointi zako kwanza

Kuna tovuti iitwayo TFRRS ambako matokeo ya vyuo vya Marekani huwekwa, na kuyasoma ni bure. Chagua konferensi yoyote, fungua fainali za mwaka uliopita, nenda kwenye mbio zako. Tuseme unakimbia mita 1500 kwa 3:54. Kwenye konferensi kubwa kama Big Ten huenda muda huo usikufikishe hata fainali. Kwenye konferensi ndogo unaweza kukuta wa nne alimaliza kwa 3:55. Hapo umeshapata chuo cha kuandikia. Tahadhari moja: fainali za 1500 na 5000 mara nyingi hukimbiwa kwa kuviziana, kwa hiyo muda wa mshindi unaweza kukudanganya. Linganisha pia na orodha ya muda bora wa msimu mzima, ambayo iko kwenye tovuti hiyohiyo.

Halafu fungua ukurasa wa timu ya chuo chenyewe. Kila mwanariadha ameandikwa yuko mwaka wa ngapi. Ukiona wakimbiaji wao watatu wa 1500 wako mwaka wa nne, kocha atakuwa na pengo msimu ujao na tayari analipigia hesabu. Ukiona wote wako mwaka wa kwanza, pita. Kazi hii itakula jioni tatu au nne na bando kiasi. Ukiifanya vizuri utabaki na vyuo 30 hadi 40 ambavyo muda wako una thamani kwao, na hiyo inatosha. Kutuma barua 400 kwa kila chuo kinachoonekana Google ni kupoteza wakati.

Mkimbiaji wa mbio ndefu ana faida ambayo wengi hawajui kuitumia. Anashindana misimu mitatu kwa ufadhili uleule: mbio za nyika kuanzia Agosti hadi Novemba, mbio za ndani Desemba hadi Machi, na za uwanja wa wazi Machi hadi Juni. Kwenye mbio za nyika wanakimbia saba na watano wa kwanza ndio wanaohesabiwa, nafasi ya kila mmoja huwa ndiyo pointi zake, na timu yenye jumla ndogo ndiyo inayoshinda. Mtu mmoja akitoka nafasi ya 40 akaingia ya 10, ameipunguzia timu pointi 30. Mkimbiaji wa mita 100 hana nafasi ya aina hiyo, ila naye anaweza kuhesabiwa kwenye mbio za kupokezana vijiti, na aseme hivyo.

Wasichana wasikae nyuma. Sheria ya Marekani ya mwaka 1972 iitwayo Title IX inavidai vyuo viwape wanawake nafasi sawa michezoni, na kwa kuwa timu ya futiboli ya Kimarekani hula nafasi nyingi za wanaume, riadha ya wanawake imekuwa ikipata zaidi. Kwa miaka mingi timu ya Divisheni ya I, ngazi ya juu ya michezo ya vyuo, iliruhusiwa ufadhili 18 wa wanawake na 12.6 tu wa wanaume. Tangu 2025, vyuo vilivyoingia kwenye mpango mpya wa kulipa wanamichezo vinahesabu idadi ya wanariadha badala ya idadi ya ufadhili: 45 kwa riadha ya uwanjani kwa kila jinsia, na 17 kwa mbio za nyika. Maana yake kwako ni kwamba nafasi ya kuwekwa tu kwenye timu ili ukue polepole imekuwa adimu. Wanataka aliye tayari.

Muda usio na karatasi ni hadithi

Hapa ndipo wengi wa Nairobi wanapokwama. Mashindano mengi ya shule, kuanzia kaunti ndogo kwenda juu, hupimwa kwa saa ya mkono. Anayebonyeza huchelewa kuona moshi wa bastola, na muda unatoka mfupi kuliko ulivyokuwa. Kocha anajua hivyo, na atakuongezea: sekunde 0.24 kwa mita 100 na 200, na 0.14 kwa mita 400. Mvulana aliyeandika 10.6 ya mkono atasomwa 10.84. Kwa hiyo andika wazi kama ni saa ya mkono au ya elektroniki. Ukificha, atagundua kwa kuona tarakimu moja baada ya nukta, na barua yako itaishia hapo.

Dawa ni kuingia angalau mashindano mawili au matatu ya Athletics Kenya yenye saa ya elektroniki kwenye viwanja kama Nyayo, Kasarani au Ulinzi Sports Complex kule Lang'ata. Kwa mbio fupi na miruko uliza pia kipimo cha upepo. Upepo wa nyuma ukizidi mita 2.0 kwa sekunde, matokeo hayahesabiwi kuwa rekodi.

Usiondoke uwanjani bila ushahidi. Matokeo yakibandikwa pale chini ya hema, nenda mwenyewe: "Mwalimu, shikamoo, naomba nipige picha karatasi ya mita 800." Piga karatasi nzima, si jina lako pekee, hadi juu kwenye jina la mashindano, tarehe na uwanja. Kama ni shule, mwombe afisa wa matokeo aweke sahihi na muhuri siku hiyohiyo. Ukienda kuitafuta baada ya wiki tatu utaambiwa ilibaki kwa mwalimu aliyehamishwa, na huo ndio mwisho wake.

Taja pia mwinuko. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na makocha wa mbio ndefu hurekebisha muda uliokimbiwa juu hivyo kwa faida yako. Usiwafanyie hesabu hiyo. Wape muda halisi na jina la uwanja, wao wana majedwali yao. Kwa mbio za mita 100 hadi 400 mwinuko hukusaidia badala ya kukuumiza, na hilo pia wanalijua.

Video si lazima kwa mkimbiaji wa mbio ndefu, ila mzunguko wa mwisho wa mbio moja nzuri hausumbui. Kwa mruko, mkuki au viunzi ni lazima. Simu ilazwe, mpiga picha asimame pembeni, asikimbie nayo, na dakika 2 zinatosha. Iweke YouTube na utume kiungo, kwa sababu video nzito iliyobandikwa kwenye barua pepe huenda isifike.

Ngazi za vyuo

NCAA, chama kikuu cha michezo ya vyuo vya Marekani, ina divisheni tatu. Ya I na ya II hutoa ufadhili wa michezo. Ya III haitoi, na vyuo vya Ivy League navyo, vile vinane vya kifahari kama Harvard, ingawa viko Divisheni ya I, havitoi. Lakini mwanafunzi wa A au A- asivipuuze: MIT na Amherst, vyote vya Divisheni ya III, humkubali mwanafunzi wa kigeni bila kuangalia mfuko wa mzazi, kisha humsaidia kulingana na shida yake. Kocha pale anaweza kukusemea kwa ofisi ya udahili, hawezi kukulipia.

NAIA ni chama kingine, cha vyuo vidogo zaidi, na hutoa ufadhili. NJCAA ni vyuo vya miaka miwili, na Wakenya wengi hupita huko. Sally Kipyego alianzia South Plains College, chuo cha miaka miwili kule Levelland, Texas, kabla ya kuhamia Texas Tech na kushinda mataji tisa ya NCAA. Ukiwa na C+ ya KCSE na miguu ya B+, njia hiyo ina akili kuliko kung'ang'ania chuo ambacho ofisi yake ya udahili itakukataa hata kocha akilia.

Barua yenyewe

Utaiandika kwa Kiingereza, fupi, isomeke kwenye simu bila kushuka sana. Kichwa cha barua kibebe kila kitu: mwaka utakaoanza chuo, mbio zako, muda, nchi. Ndani, sentensi ya kwanza iwe jina lako, shule, mwaka wa kumaliza, na muda wako bora ukifuatwa na tarehe, uwanja na aina ya saa. Ya pili ionyeshe umewatazama: kwenye fainali zenu za mwaka uliopita wa tano alikimbia kadhaa, na wakimbiaji wenu wawili wanamaliza mwaka huu. Ya tatu iwe masomo: gredi ya wastani ya KCSE, au matokeo ya muhula uliopita kama hujafanya mtihani. Usijibadilishie gredi kuwa alama za Kimarekani. B ni B, waache wao waigeuze. Malizia na kiungo cha matokeo, namba ya WhatsApp ukianza na +254, na jina la mwalimu wa michezo anayeweza kuulizwa. Umaskini wa nyumbani hauhitajiki hapa. Utatajwa baadaye, kwenye fomu za fedha, na huko una kazi.

Mwandikie kocha msaidizi anayeshughulikia mbio zako, nakala kwa kocha mkuu. Wengi humwandikia mkuu pekee, ambaye mara nyingi ndiye asiye na muda. Tuma saa kumi na moja jioni ya Nairobi katikati ya wiki. Texas itakuwa asubuhi anafungua ofisi. Akinyamaza, ongeza barua moja baada ya wiki mbili, na nyingine kila unapopata muda mpya. "Nimeshusha kutoka 3:54 hadi 3:51" ni habari. "Nafuatilia barua yangu ya awali" si habari.

Kimya kinaweza pia kuwa sheria. Kocha wa NCAA, Divisheni ya I au ya II, haruhusiwi kukuandikia kuhusu usajili kabla ya Juni 15 baada ya mwaka wako wa pili wa shule ya upili. Wa NAIA na NJCAA hawana kizuizi hicho.

Akitaka kuongea kwa simu, hesabu saa. Saa kumi jioni ya Texas wakati wa baridi ni saa saba usiku Nairobi. Pokea. Kaa mahali penye mtandao na pasipo kelele, uwe na karatasi yenye maswali yako: nani anaondoka kwenye kundi langu, mtanikimbiza mbio ngapi kwa msimu, ufadhili unalipa nini na haulipi nini, ni wa mwaka mmoja au zaidi, na nikiumia inakuwaje? Kocha huyohuyo atakuuliza kama umewahi kudungwa sindano au kupewa dawa yoyote. Jibu kweli. Kenya imepata jina baya kwa kesi za dawa zilizopigwa marufuku, na triamcinolone, ambayo hospitali huitumia kwa maumivu ya viungo, imewaangusha wengi.

Vyeti, na majina yasiyofanana

Jisajili mapema kwenye kituo cha NCAA cha kuthibitisha ustahiki. Ukurasa wa kawaida ni bure. Akaunti kamili, inayohitajika kwa Divisheni ya I na ya II, inagharimu mwanafunzi wa nje ya Marekani zaidi ya dola 150, na haina haja ulipe kabla kocha hajaonyesha nia ya kweli. NAIA ina kituo chake. NCAA hutazama masomo 16 ya msingi kutoka miaka yote minne, na wastani wa Kimarekani usiopungua 2.3 kati ya 4.0 kwa Divisheni ya I au 2.2 kwa ya II. Kiingereza, Hisabati, Bayolojia, Kemia, Fizikia, Historia na Jiografia ndiyo uti wa mgongo. Masomo ya ufundi hayahesabiwi humo. Tangu 2023 NCAA haidai mtihani wa SAT wa kuingilia vyuo, ingawa baadhi ya vyuo bado vinaidai kwa udahili wao, basi uliza.

Omba shuleni ripoti za kila mwaka tangu Kidato cha 1, zenye muhuri, na uziombe kabla hujamaliza. Karani wa shule aliye na wanafunzi 1,200 hatafukua faili lako kwa haraka Januari, wakati matokeo yanatoka na kila mtu yuko mlangoni pake.

Sasa majina. Kwenye cheti cha kuzaliwa uko na majina matatu, kwenye KCSE yamepinduliwa, kwenye pasipoti limeongezwa la babu. Kwa Mkenya ni mtu yuleyule. Kwa kompyuta ya chuo ni watu watatu, na kila mmoja ana faili pungufu. Linganisha herufi kwa herufi ukiwa bado Kidato cha 3, na kosa lirekebishwe kabla ya usajili wa mtihani kufungwa, maana baadaye KNEC wana utaratibu mrefu. Tarehe ya kuzaliwa vilevile. Aliyewahi kupunguziwa miaka ili akimbie na wadogo atakuja kuumbuka hapa. Kisha omba pasipoti kupitia eCitizen. Aliye chini ya miaka 18 anahitaji idhini ya mzazi, na foleni ya Nyayo House haijali kwamba ndege yako ni Agosti.

Saa inayohesabu baada ya KCSE

Kosa linaloua ndoto nyingi ni mapumziko. Kwa kanuni ya Divisheni ya I iliyotumika miaka mingi, ukimaliza shule una takriban mwaka mmoja wa kujiunga na chuo. Ukipitisha hapo huku ukiendelea kushindana kwenye mashindano rasmi, kila mwaka unakukata msimu mmoja wa kukimbia, na ukifika unakalishwa benchi mwaka mzima. Aliyemaliza Novemba, akaenda Iten kambini miaka miwili "kushusha muda kwanza", anaweza kushusha muda na kukuta nafasi yenyewe imeshuka nao. Kanuni za ustahiki zimekuwa zikibadilishwa, kwa hiyo muulize kocha akuandikie hali yako ilivyo mwaka huo, wala usitegemee alichoambiwa binamu wa rafiki yako.

Na pesa za zawadi. Mbio za barabarani za Jumapili hulipa, na shilingi 20,000 si kidogo nyumbani. NCAA kwa desturi imeruhusu zawadi isiyozidi gharama zako halisi za kushiriki. Weka daftari: tarehe, mbio, ulichopewa, nauli, chakula, malazi, kiingilio, na risiti zake. Meneja asisaini nawe mkataba wowote.

Hesabu ya "asilimia 70"

Kocha akikwambia amekupa asilimia 70, usishangilie kabla ya kuuliza asilimia 70 ya nini. Kama gharama yote ya mwaka ni dola 40,000, zimebaki 12,000. Kwa shilingi 129 kwa dola, hiyo ni shilingi 1,548,000 kila mwaka, kwa miaka minne. Na kama ni asilimia 70 ya karo peke yake, kilichobaki ni kikubwa zaidi. Uliza kama chuo kina ufadhili wa masomo unaoweza kuunganishwa. Gredi nzuri hapa hulipa kuliko sekunde mbili.

Hata ufadhili kamili una mashimo. Nauli ya ndege mara nyingi ni yako. Likizo ya Juni na Julai huenda bweni likafungwa. Bima ya afya iulizwe kwa jina. Na sehemu ya ufadhili inayolipia chumba na chakula hukatwa kodi, kwa kawaida asilimia 14 kwa mwenye viza ya mwanafunzi (F-1) kutoka Kenya, jambo ambalo mwanafunzi hulijua anapokuta deni kwenye akaunti yake ya chuo. Zile pesa za matangazo ambazo wenzako Wamarekani wanapewa usiziguse bila kumwona mshauri wa wanafunzi wa kigeni, kwa kuwa viza yako inabana kazi.

Neno la kocha kwenye simu halifungi mtu. Hati ile ya zamani ya kitaifa ya kusaini, National Letter of Intent, ilifutwa Oktoba 2024. Kinachokulinda sasa ni mkataba wa ufadhili wenye jina la chuo, kiasi, na kipindi. Mzazi ausome kabla ya sahihi.

Kuhusu mawakala: mtu anaweza kukutoza ada iliyopangwa kwa kukuandalia video na barua. Anayetaka asilimia ya ufadhili wako, au malipo yanayotegemea kama umepata chuo, anahesabika kuwa ajenti, na anaweza kukuharibia ustahiki wako NCAA. Anayetaka laki na nusu mapema na hataki umwandikie kocha mwenyewe, ondoka ofisini mwake. Ushauri wa EducationUSA, kitengo cha serikali ya Marekani cha kushauri wanafunzi kilicho kwenye ubalozi wake Gigiri, ni bure.

Viza

Chuo kikikukubali na kuona fedha za mwaka wa kwanza zimetimia, kitakutumia I-20, hati ya chuo unayoombea viza. Kama ufadhili si kamili, hapo ndipo taarifa ya benki ya mzazi au mdhamini inapodaiwa, na iwe pesa iliyokaa, isiwe milioni iliyoingia juzi. Soma I-20: jina, tarehe ya kuzaliwa, kiasi. Lipa ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, ya dola 350, jaza fomu ya maombi ya viza, DS-160, lipa ada ya maombi ya dola 185, kisha chukua miadi Gigiri. Tangu Juni 2025 waombaji wa viza ya mwanafunzi hutakiwa kuacha wazi akaunti zao za mitandao ya kijamii. Chukua miadi siku I-20 inapofika. Juni na Julai nafasi huwa za kugombania.

Mahojiano hayachukui muda mrefu. Afisa anataka kujua unaenda kusoma nini, nani analipa, na kwa nini chuo hicho. Anayejibu kila swali kwa "kukimbia" hujiangusha, kwa maana viza ni ya mwanafunzi. Jua kozi yako, jua mji, jua kiasi cha ufadhili kwa tarakimu.

Huruhusiwi kuingia Marekani zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe iliyo kwenye I-20, basi tiketi isitangulie hesabu hiyo. I-20 yenyewe, mkataba wa ufadhili na vyeti vya KCSE vibebwe kwenye begi la mkononi pamoja na viatu vya misumari. Sanduku kubwa likipotea njiani utanunua nguo nyingine, lakini afisa wa uhamiaji ataitaka I-20 kabla hujalifikia hilo sanduku.